Ufagio wa Saa Sita

Adventina alipanda basi la Muleba akiwa na nia mbaya, na hakuna haja ya kumfichia. Kwenye mkoba wake mlikuwa na CD za programu, bisibisi, vijiti vya memori alivyovifunga kwenye gazeti, na kanga ya kujifunika. Moyoni mlikuwa na hamu moja tu, ya kumfukuzisha mtu kazi. Mtu mwenyewe aliitwa Mashauri, Msukuma wa Magu, msimamizi wa takwimu katika ofisi ya Mradi pale Muleba, tena mume wa marehemu dada yake. Neno shemeji lilikuwa halijamtoka Adventina mdomoni tangu dada yake azikwe. Akilazimika kumtaja ofisini alisema Bwana Mashauri, na akiwa nyumbani Nyanga alisema yule mtu.

Mradi ulikuwa wa kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI majumbani mwao. Seva kubwa ilikaa Bukoba, Nshambya, ndani ya chumba chenye feni na kufuli, na Adventina ndiye aliyeilea. Mafaili yote ya wagonjwa yalikuwa humo. Ofisi ya Muleba haikuwa na mafaili yake yenyewe. Ilikuwa na kompyuta kuu moja na skrini tatu zilizoungwa nayo, na kompyuta hiyo iliyafungua mafaili ya Bukoba kwa njia ya redio, mnara kwa mnara juu ya vilima, kana kwamba yapo pale pale mezani. Mitambo ikitulia ilikuwa raha tupu.

Lakini ya Muleba haikutulia. Ilikuwa inakufa. Si kuzimika kwa sababu ya umeme, la. Umeme upo, taa zinawaka, mara skrini zote tatu zinageuka nyeusi, zinatapika mistari ya herufi nyeupe, kisha kimya. Na ikifa ilikufa na kazi ya kutwa nzima. Wahudumu wa vijijini walikuja asubuhi na baiskeli zao kuchukua orodha ya nyumba za kupelekewa dawa, wakakuta hakuna orodha. Mgonjwa aliyekuwa akisubiri dawa ya maumivu alisubiri bure, akiuma meno.

"Nenda Muleba," Bwana Rugaibula, mkurugenzi, alimwambia. "Wafadhili wanakuja mwisho wa mwezi. Usinirudie na hadithi za memori. Nataka jina la anayeharibu, aondoke."

"Na kama ni mashine yenyewe?"

"Mashine siwezi kuifukuza."

Sasa, kufukuzwa huko hakukuwa kufukuzwa kwa kawaida. Ilikuwa mwaka 2003, na dawa za kurefusha maisha zilikuwa hazijafika hospitali za wilaya. Mradi ulizileta kwa ajili ya wafanyakazi wake wachache walioathirika, na Mashauri alikuwa mmoja wao. Akitoka kazini, anatoka na kwenye dawa. Hilo kila mtu alilijua. Adventina alilijua kuliko wote, kwa sababu dada yake Kokwijuka alikufa kabla dawa hizo hazijaonekana Kagera, amekauka mpaka pete ilikuwa inafungwa kwa uzi isianguke. Na mume aliyemletea ugonjwa, ndivyo nyumba yote ya Nyanga ilivyosema, sasa alikuwa amerudisha mashavu. Mashavu yale ndiyo yaliyomkereketa Adventina. Kila alipoyaona kwenye mikutano ya Mradi alishindwa kula.

Alifika Muleba mvua ikinyesha. Ofisi ilikuwa nyuma ya soko, vyumba viwili vyenye sakafu ya saruji. Aliwaamkia kwa heshima zote mama Petronila na mama Eufrazia, makarani, watu wazima walioajiriwa kwa sababu walimjua kila mgonjwa na kila kichochoro. Kisha akampita Mashauri kama anapita kiti. Mashauri alikuwa amemzidi umri kwa mbali na alistahili shikamoo yake. Makarani walitazamana.

"Karibu," Mashauri alisema.

"Mashine iko wapi?"

"Ipo palepale ulipoiweka."

Basi vita vikaanza, na siku ile ya kwanza vilikuwa vya bisibisi. Adventina aliifungua kompyuta kuu, akavuta vijiti vya memori kimoja kimoja, akavipima, akaweka vingine. Akakagua kebo, akakagua jenereta, akauliza kama kuna radi iliyopiga mnara. Kila alipogusa kitu alisubiri kukuta uzembe, waya uliochubuka, kikombe cha chai kilichomwagika, chochote. Hakukuwa na kitu. Mashauri alikuwa mtu wa usafi wa kuudhi. Hata vumbi la ndani ya mashine alikuwa amelipuliza.

"Unafanya nini na hii mashine?" alimuuliza hatimaye, bila kumwangalia.

"Kazi."

"Kazi haiui mashine."

"Huko kwenu mlisema mimi ndiye ninayeua watu," Mashauri alisema. "Sasa na mashine pia. Ongeza tu."

Mama Eufrazia alikohoa, akaondoka kwenda kuangalia kama mvua imekatika.

Siku ya pili Adventina aliacha vyuma akageukia kilicho ndani. Kila kompyuta ina kiini cha mfumo, sehemu ya ndani kabisa, ambayo kazi yake mojawapo ni kugawa memori. Programu ikitaka kufanya jambo inaomba kipande, inakitumia, na kikishatumika kinarudi mahali pake. Kiini nacho huomba vipande kwa kazi zake chenyewe. Kisiporudisha, memori inaliwa kidogo kidogo mpaka inakwisha, na memori ya kiini ikikwisha hakuna wa kumlalamikia. Mashine inakufa. Adventina aliweka kwenye skrini hesabu ya vipande vilivyoko nje, akakaa kuiangalia. Asubuhi yote ilipanda na kushuka vizuri. Baada ya saa sita mchana ikaanza kupanda bila kushuka. Polepole, lakini haikushuka.

Alifurahi, tuseme ukweli. Kuna kitu mtu anakifanya hapa saa sita, alijisemea, na makarani saa sita wanakwenda kula. Anayebaki ni mmoja.

Lakini mwendo ule ulikuwa mdogo mno. Kwa mwendo ule mashine ingechukua muda mrefu kufa, na hii ilikuwa inakufa ghafla, wiki nyingine imekufa na kufa tena, wiki nyingine nzima kabisa. Kulikuwa na kitu kingine. Akalala nyumba ya wageni ya karibu na stendi akiwa na hasira na dari.

Kesho yake asubuhi mhudumu wa kijiji aliingia na koti la mvua, akasimama mlangoni bila salamu. Wote wakajua. Lameki amefariki, akasema, yule mvuvi aliyeletwa kutoka kisiwani akapanga chumba nyuma ya soko. Mama Petronila, ambaye faili la Lameki lilikuwa lake, alilifungua, akaandika kwamba mgonjwa amefariki, akahifadhi. Kisha akainuka, akachukua kitambaa cheupe kilichokunjwa kwenye droo, akaifunika skrini, akaanza kujifunga kanga.

"Mama, hujalifunga faili," Adventina alimwambia.

"Mbwenu, sasa mwanangu, hajazikwa."

"Umeshaandika kwamba amefariki. Linafungwa."

Mama Petronila alimtazama jinsi mtu anavyomtazama mtoto aliyekosa adabu mbele ya wageni. "Mtu yuko bado ndani ya nyumba, wewe unamwondoa mezani? Huko kwenu Nyanga mnashika jembe maiti haijatoka?"

"Hatushiki."

"Basi. Hapa vilevile. Mwenye faili analiacha wazi mpaka arudi mazikoni. Akirudi ananawa mikono, anaaga, analifunga. Huyu Lameki hana ndugu huku, atazikwa na sisi. Twende, waitu, ndugu zangu."

Wakaenda wote, makarani, mhudumu, na Mashauri nyuma yao akiwa ameikunja suruali kwa ajili ya matope. Ofisi ikabaki na Adventina na hesabu yake ya vipande. Alivuta kiti karibu. Hakuna aliyekuwa akifanya kazi, hakuna aliyegusa kitufe. Mashine ilikuwa imetulia.

Saa sita ilipofika, hesabu ikaanza kupanda, na safari hii ilikimbia. Ofisi tupu, skrini zimelala, na memori inaliwa kana kwamba kuna harusi ndani ya mashine. Adventina alisimama. Alijua mara moja ni nini kilichotokea saa sita, kwa sababu saa sita ilikuwa yake. Ni yeye aliyeandika ile programu waliyoiita ufagio. Ilipita kwenye seva ya Nshambya kila siku mchana, ikatafuta kila faili lenye alama ya kufariki, ikalihamishia ghalani na kulifuta kwenye kundi la walio hai. Ufagio ulikuwa umepita Bukoba muda ule ule na kumfagia Lameki. Lakini Muleba, chini ya kitambaa cheupe, Lameki alikuwa bado amefunguliwa.

Akaona mchezo wote. Kiini cha Muleba, kwa kuwa faili liko wazi, kilikuwa kinaiuliza Bukoba kila mara: faili hili liko vilevile? Ili kuuliza kilichukua kipande cha memori. Bukoba ilipojibu kwamba lipo, kipande kilirudishwa. Sasa Bukoba ilikuwa inajibu kwamba hakuna faili la namna hiyo, na kiini kilipopata jibu hilo kilitoka mbio bila kurudisha kipande. Kisha kikauliza tena, na kwa faili lililoandikwa siku ile ile kiliuliza mara nyingi zaidi kuliko kwa faili la zamani. Matanga yakiwa mengi, skrini zinaachwa wazi nyingi, mashine inakufa. Wiki isiyo na msiba, mashine nzima.

Aliinua upindo wa kitambaa, akanong'ona samahani mzee Lameki, akalifunga faili lake. Hesabu ikapunguza mbio. Haikusimama. Ikarudi kwenye ule mwendo wa jana, polepole, bila kushuka.

Kwa hiyo kulikuwa na faili lingine lililofagiwa na bado likashikiliwa na mtu. Akaiuliza mashine, nayo ikamjibu kwa namba, maana mafaili yaliitwa kwa namba ili siri za watu zisitembee mitaani. Namba ile aliijua. Iliishia na sabini na moja. Ni faili lililomsumbua Nshambya muda mrefu: ufagio unalifuta mchana, asubuhi limerudi, mtu wa Muleba amelitoa ghalani na kulitumbukiza tena. Hakuwahi kulifungua kuona ni la nani. Alilipa jina, takataka ya Muleba, na kila alipoliona limerudi alilitukana, akauacha ufagio ulipitie tena.

Lilikuwa kwenye skrini ya Mashauri. Nayo ilikuwa imefunikwa, si kwa kitambaa cheupe cha ofisi, bali kwa kipande cha kitenge cha bluu chenye maua ya njano. Adventina alikitambua kitenge kabla hajakigusa. Alikuwa ndiye aliyekinunua, Bukoba mjini, zawadi ya harusi. Akakifunua, akasoma jina la dada yake.

Akakaa. Kwa mwaka mzima na zaidi, kila siku mchana, wakati yeye anakwenda kula, alikuwa anamfuta Kokwijuka kati ya walio hai, na anamtukana.

Ili asilie alifanya alichokijua. Alitia CD yenye maandishi ya kiini chenyewe, mistari maelfu ambayo mtu yeyote aliruhusiwa kuisoma, akafuata njia ya lile swali na lile jibu, kutoka mlango hadi mlango, mpaka macho yakamwasha. Akapata mahali penyewe. Kipande kinaombwa, swali linatumwa, jibu likiwa zuri, kipande kinarudi. Jibu likiwa kwamba faili halipo, mistari inaruka moja kwa moja hadi mwisho, na amri ya kurudisha inaachwa juu. Aliyeandika hakuwa mjinga. Hakufikiria tu kwamba kuna mtu duniani atakayeshikilia kitu kilichokwisha kufutwa, na akaendelea kukishikilia kutwa.

Kwa hiyo sababu ilikuwa mkononi, na jina lilikuwa mkononi. Msimamizi wa takwimu anarudisha kwa siri faili lililofutwa kihalali, kila asubuhi, na kuiua mashine ya Mradi. Kila neno lilikuwa kweli. Rugaibula asingeuliza zaidi.

Mashauri alirudi kabla ya makarani, matope hadi magotini. Akaona kitenge kimefunuliwa.

"Sabini na moja ni wewe," Adventina alisema.

"Sabini na moja ni mke wangu."

"Unalirudisha kila siku."

"Na kila siku mnalifuta. Nilijua ni wewe. Nikasema, sawa, anajua anachokifanya, ana chuki yake."

"Sikujua ni lake. Sikuwahi kulifungua."

"Basi hiyo ni mbaya zaidi," Mashauri alisema, akaketi kuvua viatu.

"Funga hilo faili. Linaua mashine."

"Hapa ofisini tuna utaratibu, umeusikia. Mwenye faili analifunga akirudi mazikoni. Mimi sijarudi. Sikwenda." Hakupandisha sauti. "Mlimchukua hospitali mkasema mnakwenda kumuuguza kwa mama yake. Wewe ndiye uliyepewa kazi ya kunipigia simu. Ulinipigia kaburi limeshafukiwa. Nikaja kesho yake, nikafika kwenye uzio wenu, kaka yako Byabato akanifungulia mbwa. Alama iko hapa, ukitaka kuipima."

"Ulimuua dada yangu."

"Mume wake wa kwanza alikufa kwa ugonjwa gani?"

"Kichomi."

"Kichomi," Mashauri alisema. "Kila mtu Bukoba alikufa kwa kichomi miaka ile, mpaka Msukuma alipokuja kuoa. Adventina, nani alimletea nani hata yeye hakujua. Tulipima siku moja, tukapewa majibu siku moja, tukalia chumba kimoja. Yeye hakuniuliza. Mmeniuliza nyinyi."

Adventina alimchukia zaidi kwa hilo. Alikumbuka ile simu vizuri. Alikuwa ameishika mkononi asubuhi nzima pale posta, akiambiwa na mama yake apige, naye akisema laini mbovu. Laini ilikuwa nzima.

Simu ya mezani ikalia. Ilikuwa Nshambya.

"Umepata jina?" Rugaibula aliuliza, kwa sauti iliyosikika chumba kizima.

Mashauri alikuwa akikwangua matope kwenye kiatu. Hakuinua kichwa, lakini mkono ulikuwa umesimama.

"Nipe mpaka kesho," Adventina alisema, akakata.

"Mwambie tu," Mashauri alisema. "Ndicho ulichokuja nacho."

"Nitamwambia nikitaka. Sipangiwi na wewe."

Hakumwambia. Wala usidhani ni huruma, maana huruma kwa mtu yule alikuwa bado hana. Ni kwamba alikuwa fundi, na fundi akishaliona kosa lilipo hawezi kulitwisha mahali lisipokuwepo, hata akitaka sana. Alijaribu. Alikaa mpaka jioni akitunga ripoti kichwani, na kila alipofika kwenye jina la Mashauri alikutana na mistari ile inayoruka hadi mwisho, na ufagio wake mwenyewe, na takataka ya Muleba.

Asubuhi aliandika kiraka, mistari michache tu inayokiambia kiini: hata ukijibiwa kwamba halipo, rudisha ulichochukua. Akakijenga kiini upya pale pale, na mashine ile kongwe ilijikokota mpaka makarani walikunywa chai wakamaliza. Akaiwasha.

"Lirudishe faili," alimwambia Mashauri.

"Ulifute tena mbele yangu?"

"Ndiyo."

"Una roho mbaya wewe."

"Ninayo. Lirudishe."

Mashauri alimtazama mama Petronila, naye akaitikia kwa kichwa. Akalirudisha, akalifungua. Jina la Kokwijuka likatokea, na kijiji, na mwaka wa kuzaliwa, na siku ya mwisho. Wakangoja. Saa sita ufagio ukapita Bukoba, na Bukoba ikaanza kujibu kwamba hakuna faili la namna hiyo. Adventina aliikodolea hesabu macho. Ilipanda, ikashuka. Ikapanda, ikashuka. Muleba ilikuwa inauliza na kunyimwa, inauliza na kunyimwa, na haikufa. Jina lilikuwa bado kwenye skrini.

"Sasa itaweza," Adventina alisema. "Hata mkiacha wazi yote."

"Mungu akubariki, mwanangu," alisema mama Eufrazia. Mashauri alikichukua kitenge, akaifunika skrini yake, akanyoosha kingo.

Kabla hajafunga mkoba, Adventina aliingia kwenye seva ya Nshambya kwa ile njia ya redio na kuubadilisha ufagio, kwamba kuanzia leo usimguse aliyefariki mpaka karani wake aweke alama kwamba amerudi mazikoni. Kisha akampigia Rugaibula.

"Kosa ni la kiini cha mfumo. Nimelitengeneza."

"Nilisema nataka jina."

"Waliokiandika wako ng'ambo. Nikupe anwani zao uwafukuze?"

"Unanichezea, Adventina."

"Mashine inafanya kazi. Wafadhili wakija wataikuta inafanya kazi. Jina sina." Akaweka simu chini kabla hajaulizwa kuhusu Bwana Mashauri, kwa sababu angeulizwa.

Mashauri alimsindikiza mpaka barazani, si kwa upendo, bali kwa kuwa ndivyo mgeni anavyosindikizwa. Mvua ilikuwa imekatika. Basi la kutoka Biharamulo lilikuwa linapiga honi huko barabarani.

"Usidhani nitakushukuru," alisema.

"Sikukuomba." Adventina alikaza mkanda wa mkoba. Alisema yaliyofuata haraka haraka, akiangalia sokoni. "Kaburi liko upande wa chini wa kibanja chetu, shambani kwenye mibuni, jirani na la baba. Tumeweka saruji. Jumapili baada ya ibada tunakuwa nyumbani."

"Na mbwa?"

"Njoo kama unakuja," alisema, akaondoka kuwahi basi.

Jumapili ile, Nyanga, Byabato alitoka ndani akiwa bado na shati la kanisani, akamkuta dada yake amepiga goti nyuma ya nyumba, anamfunga mbwa kwa kamba kwenye nguzo ya banda. Mbwa hakuzoea, alikuwa anavuta na kulia. Adventina alipiga fundo la pili, akalijaribu kwa kulivuta.

"Mbona unamfunga mchana?" Byabato aliuliza. "Anakuja nani?"

"Shemeji."

Byabato alisimama pale, mkono kwenye kifungo cha shati. "Shemeji yupi?"

"Tunaye mwingine?" Adventina alisema, akaenda kuweka maji jikoni.